Uzi: Historia ya Sky One, chaneli iliyouza ungo ikaondoka na ungo

Wanajukwaa, salaam.

Tarehe 1 Septemba 2021 chaneli ya burudani ya Sky One iliondolewa hewani nchini Uingereza, baada ya miaka zaidi ya thelathini na tisa ukihesabu tangu ilipoanza kwa jina jingine. Nafasi yake ilichukuliwa na chaneli mbili, Sky Showcase na Sky Max. Vipindi vilihamishwa, na mtazamaji aliyebonyeza namba aliyoizoea alikuta picha zinaendelea, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Mimi niliumia. Kati ya mwaka 1999 na 2001 nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Reading, na kila mwisho wa wiki nilikuwa msaidizi wa fundi wa madishi: nilimshikia ngazi, nilivuta waya ukutani na kuandika daftarini namba za ving'amuzi tulivyofunga. Ungo ukishanasa mawimbi, chaneli ambayo fundi wangu aliijaribia ilikuwa Sky One, na nimeona nyuso za watoto wengi zikiangaza picha ilipotokea.

Nimesoma mengi kuhusu chaneli hii tangu wakati huo, na hoja nitakayoitetea katika uzi huu ni kwamba Sky One haikuwa bidhaa yenyewe hata siku moja. Ilikuwa chambo. Waliokuwa wakiimiliki walikuwa na kitu kingine cha kuuza, kwanza ungo, baadaye malipo ya mwezi, na kila walipobadilisha walichokiuza, chaneli nayo ilibadilika sura.

Tuanzie mwaka 1982. Uingereza ilikuwa na chaneli tatu tu za televisheni, mbili za BBC na moja ya ITV; Channel 4 ilianza Novemba mwaka huohuo. Angani kulikuwa na setilaiti ya majaribio iitwayo OTS-2, iliyorushwa mwaka 1978 na Shirika la Anga la Ulaya baada ya ile iliyoitangulia kuteketea mwaka 1977 roketi yake ilipolipuka. OTS-2 iliwekwa huko juu ili wahandisi wapime mawasiliano ya simu na picha kwa njia ya setilaiti, wala hakuna aliyeipeleka angani kwa ajili ya tamthilia na muziki. Aliyeona nafasi hiyo ni Brian Haynes, mwanahabari aliyetoka kampuni ya Thames Television. Alianzisha kampuni ya Satellite Television Ltd, akakodi muda kwenye setilaiti hiyo, na tarehe 26 Aprili 1982 matangazo yakaanza, saa chache tu kila jioni.

Hapa inafaa kufafanua jambo ambalo huchanganya watu. Mawimbi ya OTS-2 yalikuwa hafifu, na nyumba ya kawaida isingeweza kuyanasa kwa ungo mdogo. Waliokuwa na maungo makubwa ni kampuni za kebo, ambazo zilipokea picha na kuzigawa kwa waya majumbani. Kwa hiyo chaneli ya kwanza ya setilaiti barani Ulaya ilitazamwa kwa waya, na kila nchi ilipaswa kwanza kuruhusu kampuni zake za kebo kuipokea. Norwei, Finland na Malta zilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Uingereza, ambako matangazo yalitoka, iliingia nyuma ya wengine: mji wa Swindon uliunganishwa Januari 1984.

Haynes alikuwa na wazo zuri bila fedha za kulibeba. Mwaka 1983 kampuni ya News International ya Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti, ilinunua sehemu kubwa ya hisa, na tarehe 16 Januari 1984 jina likawa Sky Channel. Matangazo yalikuwa yamehamia kwenye setilaiti ya kibiashara ya Eutelsat, na saa za kurusha zikaongezeka. Usiku ulijaa muziki wa vijana, mieleka ya Marekani na tamthilia za zamani ambazo nchi nyingine zilikwisha kuzimaliza. Watoto walipewa The DJ Kat Show, kipindi cha kikaragosi cha paka kilichoongozwa na Linda de Mol, msichana wa Kiholanzi aliyezungumza Kiingereza na watoto wa bara zima. Ukikutana leo na Mholanzi au Mfini wa umri wangu, mtajie paka huyo, naye atakusimulia utoto wake.

Hata hivyo hesabu zilikataa. Mtangazaji wa sabuni au kinywaji anataka kuzungumza na mnunuzi kwa lugha yake, kuhusu bidhaa iliyopo katika duka lake. Chaneli moja kwa Kiingereza kwa nchi nyingi ilimpa mtangazaji watazamaji waliotawanyika mno, na hasara ikawa ya kila mwaka. Tukumbuke pia kwamba chaneli ilikuwa mgeni katika waya wa kampuni za watu wengine: wao ndio waliomfahamu mteja, wao ndio waliomtoza. Nadhani hapo ndipo Murdoch alipopata somo lililoongoza yote yaliyofuata. Ikiwa huna njia yako mwenyewe ya kufika sebuleni kwa mtu, unaishi kwa hisani ya mwenye njia.

Njia yenyewe ilipatikana kutoka Luxembourg. Kampuni ya SES ya huko ilikuwa ikijenga setilaiti ya Astra 1A, yenye nafasi kumi na sita za televisheni na nguvu ya kutosha kunaswa kwa ungo wa sentimita 60 hivi, ambao fundi mmoja anaweza kuufunga kwa saa chache. Juni 1988 Murdoch alitangaza London kwamba ataacha kuitazama Ulaya nzima na kuielekea Uingereza kwa chaneli nne. Roketi ya Ariane 4 iliibeba Astra kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 11 Desemba 1988, na tarehe 5 Februari 1989 matangazo yakaanza: Sky Channel, Sky News, Sky Movies na Eurosport. Tarehe 31 Julai mwaka huohuo Sky Channel ikabadilishwa jina na kuwa Sky One, chaneli ya Uingereza na Ireland. Wale wa Norwei na Finland waliokuwa wameipokea kwanza wakaachwa njiani. Sijapata kusikia kama kuna aliyewaomba radhi.

Ndugu zangu wa Kongo, nawaomba mnisikilize kidogo hapa. Setilaiti ya aina hii haiwezi kusimama popote. Ili ionekane imetulia angani, ni lazima iwe juu ya mstari wa ikweta, kilomita karibu 36,000, ikizunguka kwa mwendo uleule wa dunia. Astra ya kwanza ilikuwa nyuzi 19.2 mashariki. Chukua ramani, fuata ikweta hadi hapo: utajikuta katika misitu ya Kongo, mashariki kidogo ya Mbandaka. Kundi lililofuata, lile tulilofungia watu madishi mimi na fundi wangu, liko nyuzi 28.2, na hapo ni Kongo ya mashariki, kati ya Kisangani na Butembo, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Picha zote za Sky One zilipanda kutoka Uingereza hadi juu ya vichwa vya ndugu zetu hao, kisha zikateremka kurudi Ulaya, kwa sababu antena za setilaiti zilielekezwa huko. Siku nilipoligundua hilo katika maktaba ya chuo sikuweza kuendelea kusoma kitu kingine.

Nirudi kwenye vita ya madishi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia hii.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na mteule wake. Mwishoni mwa mwaka 1986 mamlaka ya utangazaji ilitoa leseni ya televisheni ya setilaiti kwa kampuni ya British Satellite Broadcasting, BSB. Waliahidi ubora wa hali ya juu: setilaiti zao wenyewe zilizoitwa Marcopolo, ungo wa mraba mdogo kuliko ule wa duara, na mfumo mpya wa picha uitwao D-MAC. Murdoch hakuwa na leseni hiyo, na hakuihitaji, kwa kuwa Astra ilikuwa mali ya kampuni ya Luxembourg na haikuhesabiwa kuwa setilaiti ya utangazaji wa taifa. Yeye alitumia PAL, mfumo uliokuwamo tayari katika kila runinga nchini. BSB walicheleweshwa na vifaa vya D-MAC, ambavyo havikuwa vimekamilika, na walipofika angani tarehe 25 Machi 1990 Sky alikuwa amewatangulia kwa zaidi ya mwaka mzima.

Msije mkadhani kwamba Sky ilikuwa ikipeta. Siku ile ya Februari 1989 madishi yalikuwa haba madukani, ingawa kampuni ya Amstrad ilikuwa imeahidi seti nzima kwa pauni 199, na Sky ilikuwa ikipoteza takriban pauni milioni 2 kila wiki. Katika hali hiyo Sky One ilikuwa na kazi moja, kumfanya mzazi akubali kutobolewa ukuta. Ilirushwa bure, bila kufungwa kwa kadi, ili jirani aione kwa jirani. Ilijazwa michezo ya kushindania zawadi, tamthilia za kila siku kutoka Australia, mieleka na katuni, mambo ambayo wakosoaji wa magazeti waliyadharau na ambayo familia za vibarua ziliyapenda. Siwaungi mkono wakosoaji hao. Kwa watu waliorudi nyumbani wamechoka, hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amewauliza.

Tarehe 2 Septemba 1990 ilianza The Simpsons. Katuni hiyo ilikuwa mali ya Fox, mtandao ambao Murdoch aliuanzisha Marekani mwaka 1986, kwa hiyo ilitoka chumba kimoja cha nyumba yake ikaingia kingine. BBC haikuipata hadi mwisho wa mwaka 1996. Miaka sita mizima mtoto wa Uingereza aliyetaka kumwona Bart Simpson alihitaji ungo, au rafiki mwenye ungo. Nimewauliza wateja wengi wa miaka ile kwa nini walifunga, na akina baba walitaja mpira. Akina mama walisema, watoto hawakutuacha tupumue.

Tarehe 2 Novemba 1990 kampuni mbili zilizokuwa zikivuja damu zikaungana na kuwa British Sky Broadcasting, BSkyB. Kwenye karatasi ulikuwa muungano wa walio sawa. Kwa vitendo Sky ndiyo iliyobaki: chaneli ya burudani ya BSB, Galaxy, ilizimwa tarehe 2 Desemba 1990 na Sky One ikarushwa mahali pake, na setilaiti za Marcopolo baadaye ziliuzwa Skandinavia. Waliokuwa wamenunua ungo wa mraba walibaki na mapambo ukutani.

Baada ya hapo kampuni ilipata chambo kikubwa zaidi. Mwaka 1992 BSkyB, pamoja na BBC, ilipata haki za Ligi Kuu mpya ya England kwa mkataba wa miaka mitano wa pauni milioni 304, na tangu hapo mpira ndio uliouza ungo. Sky One ikapewa jukumu la pili: kumfanya mteja aliyekuja kwa mpira asikate malipo wakati ligi imesimama, na kumpa mkewe na watoto wake sababu ya kuyatetea malipo hayo. Tarehe 1 Septemba 1993 iliingizwa katika furushi la chaneli za kulipia na kufungwa kwa kadi. Ule ukarimu wa kurusha bure ukaisha, kwa kuwa mteja alikuwa amekwisha kunasa.

Miaka ya tisini ndiyo ninayoiona kuwa ya fahari yake, ingawa ilikuwa fahari ya mnunuzi. The X-Files ilianza huko mwaka 1994 kabla ya kufika BBC. Friends ilihamia huko kwa misimu mipya hadi ilipochukuliwa na E4, chaneli dada ya Channel 4, mwaka 2001. Chaneli ilijua kuchagua na ilijua kulipa. Tamthilia zake yenyewe zilikuwa chache, na iliyodumu kuliko zote ilikuwa Dream Team, hadithi ya klabu ya kubuni ya Harchester United, iliyoanza 1997 na kumalizika 2007. Ukiitafakari utaona akili iliyoizaa: kampuni iliyoishi kwa mpira ilitengeneza tamthilia kuhusu mpira, ili mume na mke wakae kwenye kochi moja.

Tarehe 1 Oktoba 1998 ilianza Sky Digital kutoka nyuzi 28.2, na hapo ndipo mimi nilipoingia katika hadithi. Mwaka 1999, kwa kuhofia mshindani wake ONdigital aliyetumia antena za kawaida, Sky ilianza kutoa ving'amuzi bure. Kazi ikawa nyingi kupita kiasi. Tuliteremsha madishi ya duara yaliyokuwa yakitazama nyuzi 19.2, tukapandisha madogo ya umbo la yai na kuyageuza mashariki kwa nyuzi tisa. Kwetu Tanga ungo wa kunasa setilaiti ya nyuzi 36 hulala kama sinia likisubiri mvua, kwa kuwa setilaiti iko karibu na utosi. Kule Reading unasimama wima na kuangalia kusini-mashariki, na mti mmoja wa jirani unaweza kukuharibia kazi. Tarehe 27 Septemba 2001 matangazo ya zamani ya analojia yalizimwa kabisa.

Miaka ya elfu mbili niipitie haraka. Sky One ilichukua tamthilia iitwayo 24 kutoka BBC kuanzia msimu wa tatu, na Lost kutoka Channel 4 mwaka 2006. Ilishiriki kugharimia Battlestar Galactica, nayo ikaonekana Uingereza Oktoba 2004, miezi kabla ya Wamarekani wenyewe kuiona. Krismasi ya 2006 ilitoa Hogfather, iliyotokana na riwaya ya Terry Pratchett, na watu wakaanza kuamini kwamba chaneli hii inaweza kutengeneza kitu cha kukumbukwa.

Kisha likaja jambo lililofichua ukweli kuliko hotuba yoyote. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2007, Sky na kampuni ya kebo ya Virgin Media zilishindwa kukubaliana bei, na Sky One pamoja na chaneli nyingine za msingi zikaondolewa katika kebo yenye wateja zaidi ya milioni 3. Zilirudi Novemba 2008 tu. Chaneli inayojali kutazamwa kwanza haikubali kupoteza nyumba nyingi kiasi hicho kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwenye kuuza ungo anaweza kukubali, kwa sababu mteja wa kebo aliyeikosa Lost alikuwa na mahali pa kuifuata.

Ndugu mmoja ameniuliza kwa ujumbe kwamba, ikiwa ilikuwa na nguvu hizo, ni nani aliyeidhoofisha. Jibu langu ni kwamba ilidhoofishwa na ndugu wa tumbo moja. Tarehe 1 Februari 2011 kampuni ilifungua Sky Atlantic, ikaipa kazi za HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, na Game of Thrones ikaenda huko mwaka huohuo. Tamthilia nzito za kigeni, ambazo zamani zingekuwa taji la Sky One, sasa zilikuwa na nyumba yenye jina la heshima zaidi. Sky One ikaelekezwa kwenye vichekesho na vipindi vya familia vilivyotengenezwa nyumbani. Vingine vilikuwa vizuri sana: Stella ya Ruth Jones, kuhusu mama mmoja wa bonde la Wales, na Moone Boy ya Chris O'Dowd, kuhusu mvulana wa Ireland, ninavipenda hadi leo. A League of Their Own, iliyoanza 2010, iliendelea hata baada ya chaneli yenyewe kufungwa. Lakini ukimwuliza mtu mwaka 2015 Sky One ni chaneli ya nini, alisita. Mwaka 1995 asingesita.

Ndugu mwingine ameuliza kwa nini sisi wa Afrika Mashariki hatukuipata kwenye ving'amuzi vyetu ilhali mpira wa Ligi Kuu tuliupata. Sababu ni mbili. Ya kwanza nimeieleza: mawimbi ya Astra yalielekezwa Ulaya. Ya pili ni haki za kurusha. Sky One ilinunua tamthilia za Marekani kwa ajili ya Uingereza na Ireland, na haki za Afrika ziliuzwa kwa watu wengine. Vivyo hivyo mpira tulioutazama kwa DStv ulitujia kwa mkataba wa Afrika, haukupitia Sky. Chaneli ya namna hii ni rundo la mikataba yenye mipaka kuliko ilivyo mnara wa kurushia picha, na mtu aliyejaribu kuihamisha kwa ungo mkubwa alikutana na picha zilizofungwa kwa kadi.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 2012 Sky yenyewe ilianza kuuza vipindi kwa intaneti kupitia Now TV, bila ungo. Septemba 2018 Comcast ya Marekani ilishinda mnada wa kuinunua Sky kwa pauni 17.28 kwa hisa, jumla ya karibu pauni bilioni 30. Watazamaji walikuwa wameanza kutafuta kipindi kwa jina lake, si kwa chaneli yake, na chaneli ya mchanganyiko, yenye katuni saa kumi na mbili na tamthilia saa tatu, ikawa haina wa kuisubiri. Julai 2021 ilitangazwa kwamba Sky One itafungwa, na Septemba mosi ikafungwa.

Oktoba mwaka uleule, wiki chache tu baadaye, Sky ilianza kuuza Sky Glass, runinga inayopokea kila kitu kwa intaneti na isiyohitaji ungo hata kidogo. Fundi wangu wa Reading amestaafu. Nilipompigia simu kumwuliza kama amesikia, alisema ndiyo, kisha akanieleza kwamba wanawe wameshanunua runinga hiyo, na kwamba ungo alioufunga kwa mkono wake juu ya dirisha la jikoni mwaka 1999 bado upo, umeelekea nyuzi 28.2, na kunguru hupenda kutua juu yake asubuhi.